Programu ya simu ya kutatua milinganyo yenye sehemu: hatua zake ni safi, uhakiki wake una kasoro

Programu hii hupokea mlinganyo uliochapwa au kupigwa picha, kisha hutoa jibu pamoja na hatua zake. Nimeijaribu kwa milinganyo ya aljebra yenye sehemu na herufi moja isiyojulikana.

Ubora wake umo katika namna inavyoziondoa asili, yaani namba za chini za sehemu. Nilipoipa (x + 1)/3 − (x − 2)/4 = 2, ilitafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4, ambacho ni 12, ikazidisha pande zote mbili, pamoja na ile 2 ya kulia ambayo wanafunzi wengi huisahau, ikapata 4(x + 1) − 3(x − 2) = 24. Kilichonifurahisha ni kwamba mabano hayakufunguliwa papo hapo. Yalifunguliwa katika mstari wake peke yake, kwa rangi tofauti, ili ionekane wazi kuwa −3 mara −2 ni +6. Baada ya hapo x + 10 = 24, hivyo x = 14. Jibu ni sahihi: 15/3 ni 5, 12/4 ni 3, na tofauti yake ni 2.

Kasoro kubwa inajitokeza pale herufi inapokuwa kwenye asili. Kwa x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2, programu ilizidisha kila kitu kwa x − 3, ikapata x = 3 na kulitangaza kuwa jibu, ilhali 3 huifanya asili kuwa sifuri, na hakuna kugawanya kwa sifuri. Mlinganyo huo hauna jibu kabisa. Kosa hili si la kupuuzwa, kwa sababu hesabu za kila mstari ziko sawa, na anayeiamini skrini hatakuwa na sababu ya kuushuku mstari wa mwisho.

Kamera nayo husoma vizuri maandishi ya chapa, lakini mwandiko wa mkono wenye mstari mfupi wa sehemu huichanganya: (x + 1)/3 iligeuka x + 1/3, na mlinganyo ukawa mwingine kabisa. Aidha, jibu la 5/7 huonyeshwa kama 0.714, makadirio tu, na kitufe cha kurudisha sehemu kimefichwa ndani ya mipangilio.

Kwa milinganyo ambayo asili zake ni namba tupu, ninaipendekeza bila kusita. Penye herufi kwenye asili, mtumiaji aandike kwanza pembeni thamani ambazo x haiwezi kuwa nazo, ndipo abonyeze kitufe cha kutatua.