Miezi minne kwenye darasa la mazoezi ya kina mama waliojifungua, Kisumu: uzoefu wangu

Mtoto wangu wa pili nilimzaa kwa upasuaji. Nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya wiki 6 nikapanda mizani, nikakuta kilo 81. Kabla ya mimba nilikuwa na 65. Lakini kilo hazikuniuma kama tumbo. Lilibaki limetokeza, na kila nikipiga chafya mkojo unanitoka kidogo. Siku moja ndani ya matatu ya Kondele mama mmoja aliniuliza mimba ina miezi mingapi, na mtoto nimempakata.

Kabla ya darasa hili nilitupa pesa mara mbili. Kwanza nilinunua mkanda wa tumbo kwa shilingi 1,800, nikaambiwa niuvae kutwa. Ulinishika mgongo vizuri nilipokuwa nabeba mtoto, hilo silikatai, ila ukiuvua tumbo liko palepale. Mkanda unashika tu, hauyeyushi mafuta.

Pili ni chai ya kupunguza tumbo niliyouziwa kwa simu, na hii inaniuma hadi leo. Kwa siku 4 nilipungua kilo 2, nikafurahi. Kumbe ndani mna majani ya senna, ambayo ni dawa ya kufungua choo! Nilichokuwa napoteza ni maji. Kichwa kilinizunguka, maziwa yakapungua, mtoto akawa analia akinyonya. Nikaiacha, na zile kilo 2 zikarudi kabla wiki haijaisha. Aliyeniuzia alijua nanyonyesha, kwa maana nilimwambia mwenyewe.

Darasa nilielekezwa na muuguzi wa kliniki. Linafanyika kwenye ukumbi wa kukodi huko Milimani, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, na anayefundisha ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, pamoja na 1,000 ya kupimwa unapoanza. Mtoto unakuja naye, na akilia unamnyonyesha hapohapo, hakuna wa kukutazama vibaya. Mimi nilianza mtoto akiwa na wiki 9, baada ya daktari kukagua kidonda.

Kule kupimwa peke yake kulitosha ile 1,000. Nililala chali kwenye mkeka, magoti juu, mwalimu akaniambia niinue kichwa kidogo kama anayetaka kuona vidole vyake vya miguu. Tumbo likainuka katikati kama paa la hema. Akaweka vidole juu ya kitovu, vikazama. Vitatu viliingia kati ya msuli wa kushoto na wa kulia. Akaniambia, "Mama, misuli hii iliachana ulipokuwa mjamzito na bado haijarudiana. Ukikimbilia mazoezi ya kulala na kuinuka, unaisukuma nje zaidi." Ndiyo hayo niliyokuwa nafuata kwenye video usiku, mgongo unauma na tumbo linazidi kutokeza. Machozi yalinitoka pale mkekani. Tangu nijifungue, watu wengi walikuwa wameniambia nipungue, na hakuna hata mmoja aliyeligusa tumbo akanieleza lina nini.

Wiki 3 za kwanza ni kupumua. Unavuta pumzi mbavu zinatanuka, ukiitoa unakaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu hadi 5, unaachia. Nilitaka kuacha, kwa sababu nilikuwa nimelipa nipungue, si nilale. Wiki ya 4 chafya ikanikuta jikoni nikichambua omena (dagaa), na hakuna tone lililotoka. Kuanzia hapo sikukosa siku. Baadaye tukaingia kuchuchumaa kwa kushika kiti, kisha kutembea. Kukimbia na kuruka alikataza kabla ya wiki 12 tangu kujifungua, na hata zikipita lazima akukague kwanza. Mimi sasa nashuka Kondele na kutembea hadi nyumbani Manyatta, boda nimeacha.

Upande wa chakula hakuna anayenyimwa. Mama anayenyonyesha mwili wake unahitaji kalori 330 hadi 500 hivi za ziada kwa siku, kwa hiyo kujinyima ni kujiumiza. Lengo lao ni kupungua taratibu, isizidi nusu kilo kwa wiki. Lakini karatasi ya chakula tuliyopewa mwanzoni ilinikasirisha: shayiri ya pakiti, brokoli, lozi. Nani wa Manyatta ananunua lozi? Tulilalamika, na namsifu kwa kusikia, maana wiki iliyofuata alileta nyingine yenye omena, ngege (tilapia) wa kuchemsha, osuga (mnavu), mrenda, kunde na ugali wa wimbi usiozidi ngumi yangu. Hivyo vyote navipata soko la Kibuye.

Kigumu kilikuwa uji. Mama mkwe alikuja kutoka Bondo kunitunza, na kila ikifika saa 4 asubuhi ananiletea kikombe kikubwa chenye sukari na siagi. Kumkatalia sikuweza, ni mapenzi yale. Nilimwambia, "Mama, uji wako naupenda, niwekee sukari kijiko kimoja tu na siagi tuiache." Alininunia siku mbili akihofia maziwa yatakauka. Alipoona mjukuu ananenepa, yeye mwenyewe akawa ananipimia kijiko.

Kasoro zipo. Mara tatu ratiba ilibadilishwa kwa ujumbe wa usiku, na mtu mwenye mtoto mchanga hawezi kupanguapangua asubuhi yake hivyo. Ukumbi una feni moja, na joto la Kisumu mnalijua. Pa kumbadilishia mtoto nepi hakuna, tunatandika leso sakafuni. Pia kwa mama anayeuza mboga, 3,000 ni nyingi mno. Wangeweka malipo ya siku moja moja.

Leo mizani inasoma 74. Jumamosi iliyopita alinipima tena, na sasa kinaingia kidole kimoja na nusu. Nimelipia mwezi wa tano. Ukienda, beba leso mbili na maji, na kitabu cha kliniki usikiache, kwa sababu anakisoma ukurasa kwa ukurasa kabla hajakugusa.