Huawei Mate 60 Pro: simu iliyozaliwa na vikwazo

Wadau, karibuni. Leo ninayo Huawei Mate 60 Pro, na kabla hatujafika kwenye kamera, tazameni hapa juu, karibu na alama ya betri. Vijiti vya mtandao vipo, lakini hakuna palipoandikwa 5G. Ukipima spidi, ni ya 5G kabisa! Huawei walianza kuiuza China tarehe 29 Agosti 2023 bila hafla yoyote, na chipu yake hawakuitaja.

Walikuwa na sababu. Mei 2019 Marekani iliwaweka kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia yake bila kibali, na simu zao mpya zikakosa huduma za Google. Mwaka 2020 masharti yakakazwa: hata TSMC ya Taiwan, waliokuwa wakiwatengenezea chipu za Kirin, ikabidi waache, kwa kuwa mitambo yao hutumia teknolojia ya Marekani. Novemba mwaka huo Huawei wakauza Honor, chapa yao ya simu za bei nafuu. Simu yao ya P50 ya 2021 ikatoka na 4G tu, kutoka kwa kampuni inayouza mitambo ya 5G!

Sasa hii. TechInsights wa Canada, wachunguzi wa chipu, waliifungua wakakuta Kirin 9000S, chipu ya nanomita 7 (namba ikipungua, chipu ni ya kisasa zaidi) iliyotengenezwa na kiwanda cha SMIC cha China. Mashine za kisasa kabisa za kuchora chipu, za ASML ya Uholanzi, China haiuziwi. SMIC wametumia za kizazi cha nyuma, wakirudia kuchora tabaka lilelile mara kadhaa, kazi ndefu na ya gharama. Mimi nawavulia kofia. Ila anayekwambia kila kitu humu ni cha China, mkatalie: ndani zilikutwa memori za SK Hynix ya Korea Kusini, kampuni iliyosema haifanyi tena biashara na Huawei.

Kwenye matumizi, kioo cha inchi 6.82 ni safi sana, betri ni mAh 5,000, chaji wati 88. Kamera kuu ndiyo iliyonikosha: tundu lake hupanuka gizani na kujibana juani. Kwenye magemu mazito, simu zenye chipu kali za Snapdragon za mwaka uleule zinaipita.

Shida ni Google: huduma zake hazimo humu, na bila hizo programu ya benki inaweza kugoma. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aweke programu ya benki yako, uifungue palepale, utume kiasi kidogo. Ikigoma, mrudishie simu yake.