Risasi za .22 za bastola ya shabaha: ninavyozipanga kutoka Nakuru

Jumamosi moja asubuhi, upepo wa Menengai ukiwa bado haujaamka, bastola yangu iligoma mara saba katika risasi hamsini. Ni Ruger Mark II, kuukuu, niliyoinunua kwa mkono wa pili, na mpaka siku hiyo haikuwa na kisirani. Mara nne ilisema "ta!" ikanyamaza. Mara tatu ganda lilisimama wima mlangoni, limebanwa nusu ndani nusu nje kama makanga wa matatu iliyojaa.

Nilikuwa tayari nimeanza kuwaza fundi. Lakini kuna mama mmoja uwanjani kwetu, polisi mstaafu, tunamwita Madam. Aliiokota risasi moja iliyokataa kulia, akaigeuzageuza kwenye jua. "Alama ya pini hii hapa, imeingia vizuri," akasema. "Kijana, bastola haina kosa. Umeilisha nini?"

Nilikuwa nimeilisha boksi la bei ya chini kuliko yote dukani. Kiwanda sitakitaja. Nililichukua kwa sababu lilikuwa rahisi, basi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika daftari: aina ya risasi, namba ya toleo (yaani kundi lililotengenezwa kwa mkupuo mmoja), ngapi zimegoma, shimo limeangukia wapi. Mpangilio ulio hapa chini umetoka humo, pamoja na yale ambayo viwanda vyenyewe huchapisha kwenye maboksi.

Kwanza uelewe kwa nini .22 inagoma kuliko 9 mm. Risasi ya 9 mm ina fataki yake katikati ya kitako, kikombe kidogo kilichotengenezwa peke yake na kukaguliwa peke yake. Ya .22 haina. Unga wa kulipukia hutiwa ndani ya ganda ukiwa umelowa, ganda likazungushwa kwa kasi mpaka unga ujisambaze kwenye ukingo wa kitako kuzunguka pande zote. Pini ya bastola huponda ukingo huo mahali pamoja tu. Kama hapo pini ilipopiga unga haukufika, hakuna moto. Ndiyo maana risasi iliyogoma ukiigeuza nusu mzunguko ukairudisha chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, mara nyingi hulia. Mtengenezaji makini husambaza unga vizuri, na kwa kiasi kikubwa hicho ndicho unachokilipia unapoongeza shilingi kadhaa.

Na risasi ikigoma, usiifungue chemba papo hapo. Mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini, ndipo uitoe. Huenda moto umechelewa tu. Mlio ukiwa mnyonge kuliko kawaida, simama kabisa. Toa magazini, fungua bastola, angalia kama kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, kimebaki ndani ya mtutu. Risasi ya pili juu ya kichwa kilichokwama huharibu bastola, na mkono pia.

Karatasi ndizo mwanzo wa ununuzi wowote. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hununui wala hushiki hata risasi moja bila cheti, na cheti chako ndicho kinachosema ni aina gani na ni ngapi. Duka liwe lenye leseni, nalo litaandika ulichochukua. Sisi wa huku, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, mara nyingi hufunga safari hadi Nairobi, kwa hiyo weka nauli au mafuta kwenye hesabu ya bei. Kuna anayeniuliza kila mara, "Si kuna kiwanda hapo Eldoret?" Kipo, lakini ni cha serikali na kazi yake ni risasi za vyombo vya usalama. Hizi zetu za shabaha huja kwa meli. Na mtu akikuambia ana katoni nyumbani kwake, bei nusu, hana stakabadhi, mwache hapo hapo na simu yake uifute.

Sasa tuingie dukani.

Utaona maneno mawili makubwa kwenye maboksi: kasi ya kawaida na kasi ya juu. Wengi hudhani ya kasi ya juu ni bora kwa kuwa namba ni kubwa. Kwa bastola ya shabaha ni kinyume. Namba hizo hupimwa kwenye mtutu mrefu wa bunduki. Kwenye mtutu wa bastola wa inchi tano kasi hushuka sana, kiasi kwamba hata ile ya kasi ya juu mara nyingi hutoka chini ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Unachobaki nacho ni teke kubwa zaidi na kelele. Shabaha ya mita 25 haihitaji hayo. Duara la kumi lina kipenyo cha milimita 50, na karatasi haijali imetobolewa kwa kasi gani. Kinachohitajika ni risasi ya hamsini ifanane na ya kwanza.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni CCI Standard Velocity, kutoka Lewiston, Idaho, Marekani. Kichwa ni cha greni 40, yaani gramu 2.6, madini ya risasi tupu yaliyopakwa nta, na kasi yake ni mita 326 kwa sekunde. Si ya bei ya chini kabisa na si ya mabingwa. Ila katika daftari langu inasukuma bolti ya Ruger (kipande kinachorudi nyuma kutoa ganda) bila kubembelezwa, inaacha uchafu wa kiasi, na ikigoma ni tukio la kusimulia. Kama una muda wa kujaribu aina moja tu, anza na hii, na huenda usiendelee.

Namba mbili ni SK, hasa Standard Plus na Pistol Match, za Schönebeck nchini Ujerumani, nyumba moja na kiwanda cha risasi cha Lapua. Kwa ulengaji zimeipita namba moja kwenye bastola yangu: nikiegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, mashimo yanakaribiana mpaka unahesabu kwa kubahatisha. Kwa nini basi nimeziweka ya pili? Bei, na nta. Nta yake ni nyingi na baada ya risasi mia mbili hivi chemba huwa na utando. Usipoifuta, risasi haziingii hadi mwisho. Mwenye bastola ya mashindano, Pardini SP au Walther GSP kwa mfano, azigeuze ziwe namba moja. Bastola hizo na ile Smith & Wesson Model 41 zimejengwa kwa ajili ya risasi za kasi ya kawaida, na zile kali huziumiza.

Namba tatu ni Eley za daraja la mazoezi. Kampuni ni ya Uingereza, ya tangu 1828, na jina lake ni zito katika mchezo huu. Angalia kitu kimoja tu kabla hujalipa: pua. Baadhi ya risasi zao zilizokusudiwa bunduki zina pua butu, na magazini ya bastola nyingine huzigongesha kwenye mdomo wa chemba badala ya kuzipandisha. Chukua za pua ya duara. Tenex yao, ile ya mabingwa, sijaiweka kwenye orodha kabisa. Ni nzuri mno. Lakini kama mkono wako bado unatawanya mashimo kwa sentimita kumi, Tenex itayatawanya vilevile kwa pesa nyingi zaidi.

Sellier & Bellot ya Ucheki na Aguila ya Meksiko nazipa nafasi ya nne kwa pamoja. Ni za mazoezi, zinavumilika, na ukizikuta bei imeshuka beba boksi mbili za majaribio. Toleo moja laweza kukupendeza na lingine likakukera, kwa hiyo usizichukue kwa katoni kabla hujazijua.

Nafasi ya tano ni ya bastola zenye roho ngumu. Zipo ambazo springi yake haitikisiki kwa risasi ya kasi ya kawaida, hasa zikiwa bado mpya. Hizo zipe CCI Mini-Mag, mita 376 kwa sekunde, au Federal AutoMatch inayouzwa kwa sanduku la 325. Ukishapiga mia tano hivi, rudi ujaribu tena za kawaida. Springi huenda imelainika. Kichwa cha Mini-Mag kimepakwa shaba, na kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha) za mita 25 zinataka kichwa cha madini ya risasi au kitu laini kama hicho, kwa hiyo siku ya mashindano iache nyumbani.

Ya mwisho ni Stinger na jamii yake, za mita 500 kwa sekunde. Ni risasi ya mwindaji wa wanyama wadogo, na kwa kazi hiyo inasifiwa. Lakini ganda la Stinger ni refu kuliko ganda la kawaida la .22, na chemba finyu ya bastola ya mashindano haikutengewa urefu huo. Usiitie.

Bei sasa. Usilinganishe boksi kwa boksi, kwa sababu kuna za 50, za 100 na hizo za 325. Gawanya upate bei ya risasi moja, kisha ongeza zilizogoma. Tuseme risasi A ni shilingi 40 na zinagoma tano katika mia, na B ni shilingi 42 hazigomi. Mia za A zimekula shilingi 4,000 lakini zimelia 95, kwa hiyo kila mlio umekugharimu zaidi ya shilingi 42. B imeshakuwa rahisi, na hujahesabu zile dakika za kusimama ukihesabu thelathini, wala ule woga unaoingia kidoleni baada ya risasi kugoma. Huo woga ndio ghali. Mtu aliyezoea risasi zinazogoma huanza kukivuta kifyatuo kwa wasiwasi, na kumwondolea wasiwasi huo ni kazi ya miezi.

Dukani omba kufunguliwa boksi. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Risasi zote hamsini zionekane, vichwa vimesimama sawa, hakuna kinachochezacheza ukikigusa. Unga mweupe juu ya kichwa ni dalili kwamba zimekaa mahali pa unyevu. Halafu tazama namba ya toleo iliyopigwa mhuri kwenye boksi. Wauzaji wengi hawaizungumzii, na mimi naiona ndiyo nusu ya ununuzi. Risasi za jina moja za matoleo mawili mara nyingi hazipigi mahali pamoja.

Nunua boksi mbili mbili za aina tatu, nenda uwanjani, safisha mtutu. Kila ukibadilisha aina, ishirini za kwanza usizihesabu, kwa sababu nta ya aina iliyotangulia bado iko mtutuni. Zinazofuata zipige kumi kumi kutoka mita 25 ukiwa umeegemea, pima kwa rula umbali wa mashimo mawili yaliyoachana zaidi, kati kwa kati. Zikikaa ndani ya milimita 30, mwisho wa maneno. Hizo ni ndogo kuliko duara la kumi. Zikikupa 25 huku jirani anasifia zake za 20 kwa bei mara mbili, mwache asifie. Aina iliyoshinda irudie dukani haraka, uombe toleo lilelile, uchukue kiasi ambacho cheti chako kinaruhusu.

Kuhifadhi ni suala ambalo watu wa Kisumu wanalijua kwa uchungu kuliko sisi wa Nakuru. Rafiki yangu wa Milimani aliziacha boksi nne kwenye gari lililofungwa, jua la saa nane, akiwa ameingia kula samaki. Kwanza ilikuwa kosa la kisheria na la kiusalama, maana risasi haiachwi bila mwenyewe. Pili, alipofungua, nta ilikuwa imeyeyuka ikashuka chini ya trei, vichwa vikabaki vikavu upande mmoja. Zililia zote, lakini mtutu ulijaa utando wa madini ya risasi ambao tulikesha nao kwa brashi ya shaba. Kasha la chuma lenye kufuli, ndani ya chumba chenye kivuli, mbali na bafu, linatosha. Usizimwage kwenye mfuko mmoja zikachanganyika, utapoteza namba ya toleo.

Ukimaliza kupiga, osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chai au mandazi. Madam huwa hakupi hata salamu ya mkono kabla hujanawa. Lugha yetu imevipa jina moja, risasi, yale madini mazito na kile kinachoruka mtutuni, na madini hayo yakiingia mwilini hayana haraka ya kutoka.

Ruger yangu mpaka leo inakula CCI, na SK siku za kushindana. Kwenye kifuniko cha kila boksi ninaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe niliyofungua na idadi zilizogoma. Maboksi mengi yana tarehe tu.