Korti ya LC1, yaani baraza la kijiji, kwa mtoto aliyeiba: nyota tatu na nusu

Nina kibanda cha kuchaji simu na kutuma pesa hapa Busia, upande wa Uganda. Simu mbili za wateja ziliondoka na kijana wa jirani, miaka 15, mara yake ya kwanza kushikwa. Vijana wa boda walitaka kumpiga. Mimi nilitaka simu. Polisi walimwonya kisha wakatutuma kwa mwenyekiti wa kijiji, na wengi walisema hapo nimepigwa chenga. Sivyo. Tangu Sheria ya Watoto ya 1996, mtoto wa miaka 12 kwenda juu akiiba, akipigana au akiharibu mali ya mtu, korti ya kijiji inaweza kuimaliza. Haina ruhusa ya kumfungia popote. Inapatanisha, inaamuru fidia au mali irudishwe, inamtaka aombe radhi, ama inamweka chini ya mtu wa kumwongoza kwa muda usiozidi miezi sita.

Wazee hapa bado wanaziita korti hizi RC, yaani kamati za upinzani, maana zilitoka kwenye kamati za NRM, kundi la Museveni, za wakati wa vita vya msituni, na 1988 zikapewa kisheria mamlaka ya kuamua kesi.

Kikao kilikuwa barazani kwa mwenyekiti, viti vya kukodi. Makamu wake, mama anayeshughulikia mambo ya watoto, ndiye aliyeibeba kesi. Hakumfokea kijana. Alimtaka aseme mwenyewe alimuuzia nani simu ile kubwa, na kwa bei gani. Elfu ishirini! Simu ya laki mbili na nusu. Kisha akamgeukia mama yake, muuza mukene (dagaa), akamuuliza kwa wiki anaweza kutoa ngapi bila watoto kulala njaa. Tukakubaliana. Kijana akaomba radhi, na mwenye simu, dereva wa lori, akajibu, "Radhi haipigi simu." Hata makamu alicheka.

Sasa lawama. Tulianza kwa kuchelewa mno. Wapita njia walisimama kusikiliza kesi ya mtoto, na hakuna aliyewafukuza. Nilitozwa pesa ya muhuri bila risiti. Na malipo yalipokwama, hakuna aliyefuatilia. Nilibisha hodi kwa mama wa kijana mimi mwenyewe mpaka akamaliza kulipa.

Nyota zimebaki nyingi kwa sababu najua mlango wa pili ukoje. Kijana angekuwa na miaka 20, angefika kwa hakimu. Sheria ya 2000 inaruhusu huduma kwa jamii kwa makosa madogo, jambo ambalo Zimbabwe walilianza 1992: unafanya kazi, tuseme kufagia zahanati, si zaidi ya saa 8 kwa siku, si zaidi ya miezi sita. Ni afadhali kuliko jela, lakini umeshatiwa hatiani. Binti yangu anayesoma sheria anasema huko Flint, Michigan, mwendesha mashtaka alianza 1965 kuwaepusha na korti hata watu wazima wa kosa la kwanza. Kwetu mtu mzima hapati kikao cha barazani kwa wizi, na sioni kwa nini asipate.

Ukienda, nenda na wenye mali. Dai tarehe za malipo ziandikwe kwenye daftari mbele yako, na usiondoke bila nakala yenye muhuri.