Mkahawa wa Mji wa Kale unaomfaa mwenye kiungulia

Mwenye kiungulia anayekula nje hapa Mombasa ana mengi ya kujihadhari nayo: viazi karai vilivyonyonya mafuta, ukwaju, pilipili ya kusaga na, mwisho wa yote, kahawa chungu. Mkahawa mmoja mdogo wa Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus, unastahili sifa kwa sababu achari, ndimu na pilipili huletwa katika vibakuli vya pembeni badala ya kumiminwa juu ya chakula, na mteja akiomba nusu sahani ya wali hupewa bila kununiwa, tena kwa bei pungufu. Changu wa kuchoma, aliyetiwa chumvi na bizari nyembamba tu, alikuwa laini na hakuniletea moto kifuani. Samaki wa kupaka ni mtamu zaidi, hilo halina ubishi, lakini tui zito lina mafuta mengi, nayo mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula na hulegeza msuli unaoizuia asidi isipande kwenye umio. Biriani, pamoja na nyanya zake, niliwaachia wenye bahati.

Kasoro kubwa ni jikoni kuchelewa. Ukiagiza baada ya Isha, sahani hufika karibu saa nne usiku, ilhali mtu wa hali hii hushauriwa asilale hadi zipite saa 3 hivi tangu ale. Afadhali ufike mara tu baada ya Magharibi, uagize kidogo, kisha urudi nyumbani kwa miguu.