Nakala moja moja au mamia kwa mkupuo?

Muuzaji wa kitabu cha kidijitali anayetaka kukitoa pia kwa karatasi ana njia mbili: kuchapisha nakala moja kila oda inapoingia, au kuagiza mamia kwa mkupuo. Njia ya kwanza haimfungii mtaji wala haimjazii chumba maboksi, na kosa la chapa likionekana leo hurekebishwa kwenye faili kabla ya nakala ijayo. Lakini gharama ya kila nakala haishuki sana hata mauzo yakipanda, hivyo faida hubaki nyembamba. Kwa mkupuo, gharama ya kuandaa mitambo hugawanywa kwa nakala zote, ila kosa lile lile sasa limo katika mamia ya nakala zilizokwisha kulipiwa. Vyovyote vile, picha iliyopendeza kwenye simu huhitaji takriban nukta 300 kwa inchi ili isitoke na ukungu karatasini. Binafsi ningeanza na nakala moja moja, hasa kwa kitabu cha mazoezi ambacho mnunuzi hukijaza kwa kalamu, na kuhamia mkupuo pale tu oda za miezi kadhaa zitakapoonyesha kwamba maboksi hayatalala.