Kupanda mikoko au kuwadai wakubwa?

Huku Pemba maji ya chumvi yanaingia mabondeni na kuharibu mpunga. Tufanye lipi? Kuna kudai: nchi zilizochoma makaa ya mawe tangu enzi za viwanda, zikaipasha dunia joto na bahari ikapanda, zitimize Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi, zijitahidi joto la dunia lisiongezeke zaidi ya nyuzi 1.5 kuliko kabla ya viwanda. Ni haki yetu, ila inakwenda polepole.

Na kuna mikoko. Mizizi yake hushika tope, huvunja nguvu ya wimbi, hulea kaa na kamba, na huhifadhi kaboni ambayo ikiwa hewani ingemzidishia joto hata mtu wa mbali asiyeijua Micheweni yetu hapa Pemba. Anayekata boriti za mikoko ovyo anamdhulumu jirani na huyo wa mbali pia.

Mimi naanza na mikoko. Madai nayo yasiachwe, maana miche peke yake haitazuia bahari inayozidi kupanda.